Siku Thelathini za Mwanzo Uchina: Mwongozo kwa Mwanafunzi Anayetoka Kigoma

Mwanafunzi wa Kigoma anayekwenda kusoma Uchina huwa ameshaambiwa mengi kuhusu baridi, vijiti vya kulia chakula na ugumu wa lugha. Jambo ambalo mara nyingi haambiwi ni hili: ukiingia kwa viza ya X1, ile ya masomo yanayozidi siku 180, viza hiyo inakuingiza nchini tu. Kuanzia siku pasipoti yako inapogongwa muhuri uwanja wa ndege, una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi polisi. Na kibali hicho hakiombwi peke yake. Kinataka usajili wa makazi, cheti cha afya, barua ya chuo, na mara nyingi namba ya simu ya kule. Kila karatasi inaifungulia njia nyingine, na ukiruka moja unarudishwa mwanzo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata mlolongo huo. Usome kabla hujafunga begi, kisha usome tena ukishafika.

Kabla hujaondoka Kigoma

Anza na fomu ya afya ya wageni, ile unayojaziwa na hospitali. Kwa Kigoma wengi huenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Daktari akishajaza, ikague hapohapo dirishani. Kila kisanduku kiwe na jibu, hata kama jibu ni "hakuna". Saini ya daktari iwepo. Muhuri wa hospitali upite juu ya picha yako, nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi, kwa sababu picha isiyo na muhuri juu yake inatosha fomu kukataliwa. Majibu ya damu na ya picha ya kifua yaambatanishwe yakiwa halisi. Fomu hiyo huhesabiwa kuwa hai kwa miezi 6, kwa hiyo usipime mapema mno.

Kwenye begi la mkononi weka pasipoti, barua ya udahili, fomu ya kuombea viza ya masomo (JW201 au JW202) uliyorudishiwa baada ya kupata viza, fomu ya afya na majibu yake, vyeti vya shule, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na picha za pasipoti zenye mandhari nyeupe zisizopungua kumi. Haya yote yasiingie kwenye begi la chini ya ndege hata ukiambiwa begi la mkononi limezidi. Punguza nguo. Piga picha kila karatasi na uhifadhi ndani ya simu yenyewe, si kwenye hifadhi ya Google peke yake, kwa sababu Uchina Google haifunguki.

Hilo linatuleta kwenye simu. WhatsApp, Facebook, Instagram, YouTube na Gmail zote zimezuiwa kule. Fungua akaunti ya WeChat, programu ya ujumbe na simu wanayotumia kule, ukiwa bado nyumbani, kwa namba yako ya Tanzania. Mara nyingi programu hiyo humtaka mtu ambaye tayari ni mtumiaji akuthibitishe, kwa hiyo mtafute Mtanzania aliyeko huko mapema. Kisha umfungulie mama au kaka pale pale sebuleni, umfundishe kupiga na kupokea, mjaribu mara kadhaa. Mzazi asiyekuwa na WeChat siku unayoondoka atakaa siku nyingi bila kusikia sauti yako, na kwa mzazi siku hizo ni nzito mno. Barua pepe yako ya chuo nayo iwe ya kampuni inayofunguka kule. Pakua pia programu ya kutafsiri pamoja na faili la Kichina linalofanya kazi bila intaneti.

Laini yako ya Tanzania usiitupe. Benki na huduma za pesa za simu zitaendelea kukutumia namba za siri kwenye laini hiyo, kwa hiyo iwashie huduma ya kutumika nje ya nchi na uiongezee salio.

Fedha: hata ukiwa na ufadhili wa serikali ya Uchina, ambao hutoa yuan 2,500 kwa mwezi kwa shahada ya kwanza, 3,000 kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu, usiutegemee kwa mwezi wa kwanza. Malipo ya kwanza yanasubiri akaunti ya benki na usajili wa chuo, na yanaweza kuchelewa. Nenda na akiba ya kukuweka walau mwezi mmoja na nusu, sehemu ikiwa yuan taslimu na sehemu dola. Fedha taslimu zinazozidi thamani ya dola 5,000 lazima uzitangaze forodhani.

Kuhusu mzigo wa chakula, najua hakuna mama wa Kigoma atakayekuacha uondoke bila dagaa. Nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, haingii Uchina. Vivyo hivyo matunda mabichi na mbegu. Dagaa wakavu funga vizuri, afisa akiuliza umweleze ukweli, na uwe tayari kuwaacha akikataa. Mawese ukibeba, yaingie kwenye chupa ngumu ndani ya mifuko miwili, la sivyo utafika na nguo zote nyekundu.

Mzigo wa mtu mwingine usiuguse. Si wa jirani, si wa rafiki wa mjomba, si wa mtu uliyeonana naye uwanja wa ndege anayesema begi lake limezidi kilo. Sheria ya Uchina kwa anayekutwa anasafirisha heroini kuanzia gramu 50 inafika hadi kifo, na mzigo ulio mkononi mwako ni wako. Ukimkatalia mtu atanuna, atanyamaza, yatapita.

Mwisho wa maandalizi: fika Dar es Salaam siku kadhaa kabla ya ndege. Treni au basi kutoka Kigoma likichelewa njiani, ndege haitakusubiri. Ukipita Kariakoo nunua adapta ya umeme yenye vichwa bapa. Umeme wao ni volti 220, chaja zako zitafanya kazi bila tatizo.

Saa 24 za kwanza

Sheria inamtaka kila mgeni asiyelala hotelini aandikishwe polisi mahali anapoishi ndani ya saa 24. Hotelini wanakuandikisha wenyewe mapokezi. Ukifikia bweni la chuo, kwa kawaida ofisi ya bweni inashughulikia, lakini usidhani tu: uliza, na uombe karatasi ya usajili. Karatasi hiyo ndogo ndiyo mlango wa kibali cha ukaazi. Ukilala kwa Mtanzania mwenzako nje ya chuo, nendeni naye kituo cha polisi cha mtaa huo kesho yake asubuhi, na mkataba wake wa nyumba mkononi. Asiyejiandikisha anaweza kuonywa au kutozwa faini ya hadi yuan 2,000.

Siku hiyohiyo nunua maji ya kunywa au birika la umeme. Maji ya bomba hayanywewi bila kuchemshwa. Kwenye mabweni mengi kuna mashine ya maji ya moto ukumbini, na Wachina wenyewe hunywa maji ya moto mchana kutwa.

Kisha lala. Saa ya huko imetangulia ya nyumbani kwa saa 5, na nchi nzima inatumia saa moja. Ukipiga simu saa moja jioni yako, Kigoma ni saa nane mchana. Nyumbani wakikupigia saa mbili usiku baada ya chakula, kwako ni saa saba usiku. Kubaliana nao mapema muda wa kupiga.

Wiki ya kwanza: laini, benki, malipo

Fuata mpangilio huu. Kwanza jisajili chuoni kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni, ulipie bima ya afya ya wanafunzi, ambayo ni yuan 800 kwa mwaka, na uingizwe kwenye kundi la WeChat la darasa lako. Pili, nenda na pasipoti ukanunue laini ya simu dukani kwa kampuni yenyewe, China Mobile, China Unicom au China Telecom; watakupiga picha ya uso. Tatu, ukiwa na namba hiyo, fungua akaunti kwenye benki ambayo chuo kinaitumia. Nne, unganisha kadi ya benki na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, au na WeChat, ambayo nayo hulipia. Hapo ndipo utaweza kulipa mgahawani, sokoni na kwenye basi, kwa sababu karibu kila mtu analipa kwa simu. Unaweza kuunganisha kadi ya Visa ya benki ya nyumbani kwa siku za mwanzo, na noti bado zinapokelewa, ila muuza mboga anaweza kukosa chenji.

Hatua ya benki ndiyo inayowakwamisha wengi wetu, na chanzo ni majina. Pasipoti ya Tanzania inaandika jina la ukoo mstari mmoja na majina mengine mstari mwingine. Karani anaweza kuanza na la ukoo, au akaanza na lako. Anaweza kuunganisha majina mawili bila nafasi katikati, au jina refu likakatika kwa sababu kisanduku cha kompyuta kimejaa. Wewe baadaye unaandika jina lako kwenye Alipay kama ulivyozoea, mfumo unalinganisha, unakataa, na hausemi kwa nini. Kabla hujainuka dirishani, mwombe karani akuonyeshe jina lilivyoingia, ulipige picha, kisha kila mahali uliandike vilevile: herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi. Namba ya simu uliyompa nayo iwe ileile uliyosajili kwa jina lako.

Kadi hiyo ya benki, laini hiyo na akaunti hiyo ya WeChat ni vyako peke yako. Atatokea mtu, pengine Mtanzania mwenzetu, atakuomba upokee fedha kwenye akaunti yako umpelekee mtu fulani, au akubadilishie yuan kwa shilingi nje ya benki. Mkatalie kwa upole. Fedha ikiwa na historia mbaya, akaunti yako inafungiwa, na maswali ya polisi yatakuja kwako kwa lugha usiyoijua. Fedha za nyumbani zipite kwenye benki au kampuni rasmi za kutuma fedha.

Kibali cha ukaazi

Hesabu vizuri. Vyuo vingi hufungua mwanzoni mwa Septemba. Ukiingia tarehe 3 Septemba, siku yako ya 30 inaangukia Oktoba 3, katikati ya mapumziko ya Sikukuu ya Taifa yanayoanza Oktoba 1, wakati ofisi za serikali zimefungwa. Sikukuu ya Katikati ya Vuli nayo huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Foleni ya wanafunzi wapya inakuwa ndefu hasa siku za mwisho kabla ya mapumziko. Kwa hiyo chukulia kwamba mwisho wako ni Septemba 20, usizidi hapo.

Anza na kituo cha afya cha wasafiri. Nenda asubuhi bila kula, na fomu yako ya Maweni na majibu yote halisi. Wakiridhika nayo wataithibitisha. Wasiporidhika watapima upya damu na kifua, na utalipia. Majibu hutoka baada ya siku kadhaa.

Ukishapata cheti cha afya, ofisi ya wanafunzi wa kigeni itakupa barua na fomu ya maombi. Vyuo vingi hupeleka wanafunzi kwa makundi, kwa hiyo tangazo la siku na saa litawekwa kwenye kundi la WeChat, mara nyingi kwa Kichina. Bonyeza ujumbe, uutafsiri, hata kama umechoka. Usisubiri kuambiwa mdomoni.

Ofisi ya uhamiaji ya polisi itataka pasipoti, viza, barua ya udahili, JW201 au JW202, barua ya chuo, karatasi ya usajili wa makazi, cheti cha afya na picha. Ada ni yuan 400 kwa kibali cha chini ya mwaka mmoja na 800 kwa cha mwaka mmoja hadi mitatu. Watabaki na pasipoti na kukupa stakabadhi yenye picha yako. Itunze kama unavyoitunza pasipoti, tembea nayo, na usipange safari ya nje ya nchi kipindi hicho. Kwa sheria majibu hutoka ndani ya siku 15.

Ukipitisha siku bila kibali, faini inaweza kufika yuan 500 kwa kila siku, hadi jumla ya 10,000, au kuwekwa ndani siku 5 hadi 15. Kosa hilo linabaki kwenye kumbukumbu zako na linaweza kukusumbua kila unapoomba viza au ufadhili. Kama unaona siku zinaisha na jambo fulani halijakamilika, nenda mwenyewe ofisi ya chuo ukaeleze, kabla siku hazijaisha.

Ukipata homa

Hapa nakuomba usome taratibu. Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa yetu yenye malaria nyingi. Malaria kali ya falciparum mara nyingi hujitokeza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine baadaye zaidi. Maana yake ni kwamba mbu aliyekuuma Ujiji wiki yako ya mwisho anaweza kukuangusha ukiwa tayari darasani Wuhan au Harbin. Na Uchina ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria mwaka 2021. Daktari kijana wa huko anaweza kuwa hajawahi kumwona mgonjwa wa malaria. Ataona homa na maumivu ya viungo, atafikiria mafua, atakupa dawa za kushusha joto na kukurudisha bwenini. Mwili ukiwa na malaria hiyo hauwezi kusubiri siku nyingi.

Kwa hiyo, siku chache kabla ya kuondoka nenda zahanati upime, na ukikutwa nayo umalize dozi. Ukifika, homa yoyote katika miezi ya mwanzo, nenda hospitali kubwa ya mji siku hiyohiyo, si duka la dawa. Mwambie daktari kwamba umetoka Tanzania, eneo lenye malaria, na kwamba unaomba kipimo cha damu cha malaria. Hifadhi herufi hizi kwenye simu umwonyeshe: 疟疾. Akisema si lazima, sisitiza. Wajulishe pia mwenzako wa chumba na ofisi ya chuo, ili usije ukazidiwa peke yako usiku.

Kuna Wachina wengi watakaokuambia kwa fahari kwamba artemisinini, ile iliyomo kwenye dawa mseto tunazomeza nyumbani, iligunduliwa na mwanasayansi wao Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ni kweli. Lakini hospitali ya mtaani kwako inaweza isiwe nayo kabatini, kwa hiyo nenda kubwa. Ukibeba dawa mseto kutoka nyumbani, ziwe ndani ya boksi lake pamoja na cheti cha daktari, na usizimeze kwa kubahatisha bila kipimo.

Hospitali za huko unalipa kila hatua kabla ya kuhudumiwa: kujiandikisha, kupima, dawa. Tunza kila risiti, kwa sababu bima inadai risiti halisi. Gari la wagonjwa ni 120, polisi 110, zimamoto 119.

Chumba, chakula, baridi

Umeme wa chumba kwenye mabweni mengi unalipiwa kabla kama LUKU. Salio likiisha usiku wa manane utalala gizani, kwa hiyo angalia mapema. Hita za waya na majiko ya umeme mara nyingi ni marufuku chumbani, na hukaguliwa. Uliza kama bweni lina jiko la pamoja.

Waislamu watafute kantini yenye maandishi 清真, maana yake chakula halali. Vyuo vingi vina moja. Kuswali msikitini na kusali kanisani kwenye nyumba za ibada zilizosajiliwa kunaruhusiwa. Kuhubiri au kugawa vipeperushi vya dini chuoni hakuruhusiwi. Unga wa sembe utaupata kwa kuuliza Watanzania waliotangulia. Mchele, mayai na mboga za majani vimejaa kila soko.

Kuhusu baridi kuna jambo linawashangaza wageni. Miji ya kaskazini kama Beijing na Harbin ina mfumo wa kupasha joto majengo. Beijing huwashwa katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi, na ndani unakaa na fulana. Miji ya kusini mwa mto Huai, kama Wuhan, Nanjing na Changsha, kwa kawaida haina mfumo huo, na chumba cha Januari kinaweza kukuumiza kuliko cha Beijing. Anayekwenda huko anunue blanketi nene na nguo za ndani za kubana kulekule, Oktoba, kabla baridi haijaingia. Jaketi zito la kununua Kigoma litakula kilo zako bure.

Darasani na kazini

Mahudhurio yanahesabiwa. Wenye ufadhili hukaguliwa kila mwaka, na utoro unaweza kuukatisha. Wiki hizi jifunze toni (kupanda na kushuka kwa sauti) na pinyin (Kichina kilichoandikwa kwa a, b, ch) kwa bidii kuliko herufi za Kichina, kwa kuwa toni ukizikosea mwanzoni zinakaa mdomoni kwa miaka. Ongea na muuza tambi, mlinzi wa lango, mama wa dobi. Hao wana subira kuliko wanafunzi wenzako.

Kazi ya kulipwa bila idhini ya chuo na polisi ni kosa. Faini ni yuan 5,000 hadi 20,000, na unaweza kufukuzwa nchini. Hii inahusu pia kufundisha Kiingereza kwa watoto na kuwanunulia bidhaa wafanyabiashara wa nyumbani kwa malipo. Ndugu watakuomba simu na nguo za kuuza. Waambie kwamba mwaka huu unasoma.

Jiandikishe ubalozi wa Tanzania, Beijing, na ujiunge na umoja wa Watanzania wa mji wako.

Kibali kikitoka

Usiondoke kaunta kabla hujakisoma. Linganisha jina, namba ya pasipoti na tarehe ya mwisho, na ikiwa kuna kosa lirekebishwe hapohapo. Piga picha ukurasa huo, utume nyumbani kwa mtu mmoja unayemwamini. Peleka nakala chuoni na benki. Kisha weka kwenye kalenda ya simu siku 45 kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu maombi ya kuongeza muda yanatakiwa yafike siku zisizopungua 30 kabla kibali hakijaisha. Na kila utakapohama chumba, au kurudi kutoka likizo ya nyumbani, au kubadilisha pasipoti, uliza tena usajili wa polisi ndani ya saa 24.